Barua ya mapendekezo isiyo na sifa hata moja: je, mwajiri wangu wa zamani ananiharibia?

Dada mshauri, salamu nyingi kutoka Donholm. Natumai u mzima.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mama wa mtoto mmoja. Nilikuwa nafanya kazi ya stoo katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi huko Viwandani. Niliingia Machi 2019 nikiwa kibarua. Kazi ilikuwa kuhesabu mabati na mifuko ya simiti inaposhushwa, kuandika kitabuni, na Jumamosi kulipwa kwa M-Pesa. Hata wakati wa korona sikukaa nyumbani, maana malori yalikuwa yakiingia. Januari 2021 walinipa mkataba kama msaidizi wa stoo. Mwaka 2023 msimamizi wetu alipohamia kampuni nyingine, nikapewa kazi yake: funguo, hesabu ya mwisho wa mwezi, kutia sahihi mizigo inayotoka. Barua ya kupandishwa cheo sikupewa, lakini mshahara ulifika 38,000 na kitambulisho changu cha kazi kikaandikwa msimamizi wa stoo.

Mwishoni mwa Agosti 2025 waliunganisha stoo mbili wakapunguza watu. Tulipewa notisi ya mwezi kwa maandishi. Nililipwa likizo niliyokuwa nadai na malipo ya kupunguzwa kazini ya miaka minne, tukaagana vizuri. Sijawahi kupewa onyo, wala mali haijawahi kupotea mikononi mwangu.

Nilirudi kuomba barua ya mapendekezo. Nilizungushwa kwa wiki kadhaa, kisha nikaikuta kwa mlinzi langoni ndani ya bahasha. Imeandikwa kwa Kiingereza, na yasemwayo ni haya:

“Kwa yeyote anayehusika. Tunathibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu aliajiriwa na kampuni yetu kama msaidizi wa stoo kuanzia Januari 2021 hadi Agosti 2025. Katika muda huo alitekeleza majukumu aliyopewa. Aliondoka kufuatia mabadiliko katika idara ya stoo. Kampuni haina pingamizi akiajiriwa kwingine. Tunamtakia kila la heri. Barua hii imetolewa kwa ombi lake na bila dhima yoyote kwa kampuni.”

Chini kuna muhuri na sahihi isiyosomeka. Hakuna jina wala nambari ya simu.

Dada, nililia. Miaka yote ile, kisha “alitekeleza majukumu aliyopewa”! Binamu yangu, aliyewahi kufanya kazi na shirika la Wajerumani hapa Nairobi, ananiambia maafisa wa rasilimali watu wana lugha yao ya siri, na mstari huo maana yake ni kwamba nilikuwa mvivu. Mwezi uliopita niliitwa mahojiano kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Mombasa. Mama aliyenihoji alisoma barua, akaweka kidole kwenye karatasi, akauliza, “Mabadiliko gani haya?” Nikaeleza. Akageukia wasifukazi wangu, ambao unasema nilianza 2019, akauliza ni ipi ya kweli. Nikababaika. Hawajanipigia tena.

Rafiki yangu anamjua kijana mjini anayeweza kuichapa barua upya kwa shilingi 1,500, na nembo na muhuri wa kampuni, kisha aongeze sifa ninazotaka. Sijakubali, lakini kodi ya nyumba inanisukuma.

Nisomee barua hii kwa jicho lako. Inaniharibia? Niitumie au niifiche?

Msimamizi wa Stoo, Donholm

JIBU

Mdogo wangu,

Umefanya vizuri kuniandikia maneno ya barua yenyewe, maana ningekujibu kwa kubahatisha. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Mstari unaokukosesha usingizi hauna ubaya wowote. Ubaya uko kwenye mistari mingine uliyoipita haraka, na mmoja wao naona umekugharimu pesa.

Tuanze na binamu yako, kwa sababu hakutunga. Lugha hiyo ipo, ila kwao ni Ujerumani. Kule sheria inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya kudai barua inayoeleza utendaji na mwenendo wake, na mahakama zao zinataka barua iwe ya kweli na papo hapo isimzibie mtu riziki. Waajiri waliobanwa pande zote mbili wakazipanga sifa kwa ngazi. Aliyeandikwa kwamba kazi yake iliwaridhisha kikamilifu wakati wote ni hodari. Aliyewaridhisha tu, bila nyongeza, amepita kwa shida. Aliyeandikwa kwamba alijitahidi, wasomaji wanajua hakuweza. Sisi Kenya hatuna ngazi hizo kwa sababu hatuna sheria iliyozizaa. Afisa wa Viwandani aliyeandika kwamba ulitekeleza majukumu uliyopewa, kwa jinsi ninavyoona, alifungua barua aliyomwandikia mtu mwingine kabla yako, akabadilisha jina.

Sheria yetu inasema nini? Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho kinataja jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, na tarehe ya kumaliza. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya kusifu tabia wala utendaji. Kwa hiyo sifa ni hisani yake. Akikunyima, utaumia moyoni, lakini huna pa kumshtaki. Tarehe na aina ya kazi ni haki yako, na mwajiri anayekataa kukupa cheti, au anayeandika ndani yake jambo analojua ni la uongo, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Ndiyo maana kampuni nyingi hapa mjini zimeamua kuandika machache. Hayo maneno “bila dhima yoyote” ni ya woga wa kesi. Tangu mwaka 1994, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilipoamua kwamba mwajiri anaweza kuwajibika kwa barua aliyoiandika kwa uzembe ikamharibia mtu, mawakili wamekuwa wakiwashauri waajiri waseme machache. Maneno hayo hayakuhusu wewe binafsi. “Haina pingamizi” pia ni jema, na “kwa ombi lake” ni kawaida. Yaache.

Sasa tarehe. Barua inasema Januari 2021, nawe uliingia Machi 2019. Yule mama wa ghala alipoona wasifukazi unasema hivi na barua inasema vile, aliona mtu anayejiongezea miaka. Katika mahojiano ya kazi ya stoo, ambako kila kitu ni hesabu kuoana na hesabu, hilo linatosha kukuondoa kwenye orodha bila mtu kukuambia kwa nini. Lakini kuna zaidi. Umesema ulilipwa malipo ya kupunguzwa ya miaka minne. Kifungu cha 40 kinataka mwajiri anayepunguza watu alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kutoka Januari 2021 hadi Agosti 2025 miaka iliyokamilika ni minne. Kutoka Machi 2019 ni sita. Hapo kuna mshahara wa siku 30 ambao sidhani uliupata. Kwa mshahara wako huo ni kama mwezi mzima wa kazi, na kodi ya nyumba unayonitajia ingetoka humo.

Watakwambia ulikuwa kibarua na miaka ya kibarua haihesabiwi. Usikubali haraka. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Akiendelea miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoanza ukibarua, anastahili masharti ambayo angepata kama hangeanza kama kibarua. Kuhesabu mali inayoingia stoo kila siku si kazi inayokwisha. Jambo litakaloulizwa ni kama ulifanya mfululizo, na hapo ushahidi ndio utakaosema. Omba taarifa ya M-Pesa ya 2019 na 2020, uone kama kila Jumamosi pesa ziliingia na kutoka kwa nani. Omba pia taarifa ya michango yako ya NSSF, kwa maana inaonyesha mwajiri na miezi aliyokuchangia. Kama una picha za simu za vitabu vya kupokea mizigo zenye mwandiko wako, au jumbe za msimamizi akikuita kazini, zihifadhi mahali pawili.

Cheo nacho kimekosewa. Sheria inataka aina ya kazi iandikwe, na kazi yako ya mwisho ilikuwa usimamizi. Kitambulisho cha kazi kinasema hivyo, na stakabadhi za mshahara za 2023 kuendelea zitaonyesha ulipoongezwa. Piga kitambulisho picha pande zote mbili, kama hukukirudisha.

Mstari unaonichoma mimi kuliko yote ni huu: “Aliondoka kufuatia mabadiliko katika idara ya stoo.” Mtu wa ofisi ya uhasibu akiandikiwa hivyo, msomaji hupita tu. Ila kwa mtu wa stoo, jambo la kwanza linalomjia mwajiri yeyote akilini ni mali iliyopotea. Lori limetoka na mifuko mingi kuliko iliyoandikwa, watu wakasimamishwa, idara “ikabadilishwa”. Kidole cha yule mama kilitua hapo kwa sababu hiyo. Wewe ulipunguzwa kazini pamoja na wenzako, kwa notisi, ukalipwa. Hakuna aibu hapo, na ukweli huo ukiandikwa waziwazi unakulinda. Sababu ya kuondoka haimo katika mambo niliyokutajia ya kifungu cha 51, hivyo huwezi kuwalazimisha waiandike. Lakini notisi unayo! Ile karatasi waliyokupa kabla ya Agosti inasema kilichotokea, kwa nembo yao na sahihi yao. Toa nakala kadhaa na kila unapopeleka barua, ibane nyuma yake.

Kuhusu sahihi isiyo na jina: barua ambayo mtu hawezi kupiga simu akaithibitisha ina uzito mdogo Nairobi, ambako waajiri wameshaona karatasi za kughushi za kila aina. Hilo nalo liombe lirekebishwe.

Andika barua mpya kwa kampuni. Usianze na sheria wala vitisho, kwa sababu huenda karani alinakili tu tarehe iliyo kwenye mkataba. Andika hivi, kwa Kiingereza kama mnavyoandikiana: “Nashukuru kwa barua mliyonipa. Naomba cheti changu cha utumishi kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira. Naomba kionyeshe kwamba nilianza kazi Machi 2019, na kwamba kazi yangu ya mwisho ilikuwa msimamizi wa stoo. Nimeambatisha taarifa ya malipo na nakala ya kitambulisho cha kazi. Ikiwezekana, naomba kitaje kwamba nafasi yangu iliondolewa kwa kupunguza wafanyakazi, kama ilivyo kwenye notisi yenu, na jina na simu ya ofisi ya atakayetia sahihi. Naruhusu mthibitishe habari hizi kwa mwajiri yeyote atakayewapigia.” Sentensi ya mwisho usiiache. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maafisa wengi hukataa kusema lolote kwa simu kuhusu aliyewahi kuwa mfanyakazi wao, na ruhusa yako kwa maandishi inawafungulia mdomo. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kutaka kumbukumbu zako zilizokosewa zisahihishwe. Tuma kwa barua pepe, kisha upeleke nakala mwenyewe na kuomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimwachie mlinzi.

Malipo ya ile miaka miwili usiyachanganye humo. Ukiwaomba cheti na pesa katika karatasi moja, yote yataenda kwa wakili wao na utakaa miezi bila cheti. Pata cheti kwanza. Kikitoka na Machi 2019, kazi yako imekuwa nyepesi, wewe utaandika tu kuomba tofauti. Wakikataa tarehe hiyo, nenda na karatasi zako kwa afisa wa leba, umweleze. Huhitaji wakili kuanza hapo. Ikishindikana, madai ya mtu aliyekuwa akilipwa chini ya 80,000 kwa mwezi yanaweza kusikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za ajira, bila kufika Mahakama ya Leba pale Milimani. Muda wa kufungua madai ya ajira ni miaka mitatu, kwa hiyo hufukuzwi na saa, lakini taarifa za zamani ni rahisi kuzipata leo kuliko mwaka kesho.

Sasa zile sifa ulizozililia. Unazistahili, na yupo anayeweza kuzitoa: msimamizi wako aliyeondoka 2023. Alikuona kuanzia siku ya kwanza hadi alipokukabidhi funguo, na hafungwi na woga wa kampuni ile. Mwombe aandike kwa jina lake mwenyewe, aseme alikusimamia wapi na lini, na aweke cheo chake cha sasa na simu yake. Asitumie karatasi yenye nembo ya mwajiri wenu wa zamani, maana si mali yake tena. Pengine atakwambia, kama wengi wanavyosema, “Andika wewe, mimi nitatia sahihi.” Mpe mambo ya kukumbuka, maneno aweke mwenyewe. Kusema wewe ni mchapakazi na mwaminifu hakumsaidii msomaji, kwani kila barua ina maneno hayo. Mwambie aeleze alichokiona: kwamba ulikuwa ukihesabu mzigo lori likiwa bado ndani na lango limefungwa, kwamba tofauti ukizipata ulizitolea taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi, kwamba hesabu za mwisho wa mwezi zilioana na kitabu, kama ndivyo ilivyokuwa. Mistari minne ya namna hiyo, na mtu anayepokea simu akipigiwa, itafanya kazi kuliko ukurasa mzima wa sifa. Na kabla ya kumpa mtu nambari yake, mwombe ruhusa, umwambie unaomba kazi gani, asishtukizwe.

Kuhusu kijana wa shilingi 1,500, nakusihi usiende. Nakuelewa, kodi haisubiri. Lakini kuchapa barua na muhuri wa kampuni bila idhini yake ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 349, inaweka kifungo cha hadi miaka mitatu. Hata usiposhtakiwa, mwajiri mpya atapiga simu Viwandani siku moja, pengine baada ya wewe kuwa kazini mwaka, na utafukuzwa kwa udanganyifu. Wakati huo barua ya kweli unayo mkononi, na kasoro zake zinarekebishika. Wewe ni mtu wa stoo ambaye hajawahi kupoteza mali. Sifa hiyo ndiyo unayoiuza, usiiguse.

Uliuliza uitumie au uifiche. Itumie, kwa sababu ukienda bila chochote utaulizwa ulikuwa wapi miaka yote hiyo. Ila usiitoe peke yake hadi cheti kipatikane. Weka barua, notisi nyuma yake, na taarifa ya M-Pesa ya 2019. Kwenye wasifukazi andika vipindi vitatu badala ya kimoja: kibarua wa stoo, Machi 2019 hadi Desemba 2020, msaidizi wa stoo, Januari 2021 hadi 2023, msimamizi wa stoo, 2023 hadi Agosti 2025. Hapo tarehe ya barua na yako hazigongani tena. Ukiulizwa, jibu bila kuomba radhi: “Barua inaanza na mkataba wangu. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua palepale, na malipo ni haya. Stoo mbili ziliunganishwa, nafasi yangu ikaondolewa, na notisi ni hii.” Fanya mazoezi ya kuyasema kwa sauti nyumbani hadi usibabaike.

Na yule mama wa Barabara ya Mombasa, mwandikie barua pepe fupi wiki hii, umweleze tofauti ya tarehe na umwambatishie notisi. Aliuliza maswali mazuri, na mtu anayeuliza hivyo mara nyingi alikuwa bado anakufikiria.